Ukingo wa Mwezi na Vumbi la Nyota Nzito

Mabibi na mabwana, wapenzi wa anga,

Tuanze na hesabu ndogo. Tuseme unataka kupima kitu angani chenye upana wa sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao. Sekunde ya tao ni kipimo cha pembe, tusiichanganye na sekunde ya saa. Digrii moja ina sekunde za tao 3,600, na Mwezi mpevu una upana wa takriban 1,900. Chukua moja kati ya hizo uigawe mara elfu. Darubini ya kioo kimoja, ikitumia mwanga wa infraredi wenye wimbi la mikromita 2.2, ingehitaji kioo cha upana wa zaidi ya mita 500 ili ifike hapo. Hakuna aliyekijenga kioo hicho. Hata hivyo vipimo vya aina hiyo vimekwisha kufanywa mara nyingi kwa darubini zenye kioo cha mita moja na kidogo, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Mwezi, bila malipo.

Nitaeleza Mwezi unavyofanya hivyo, lakini kwanza niwajulishe wateja wake.

Nyota ninazozisema leo zilizaliwa na uzito wa zaidi ya mara nane ya Jua, na sasa zimezeeka. Nyota nzito haina uzee mrefu. Huchoma akiba yake kwa pupa, na huku ikiichoma humwaga tabaka zake za nje angani. Zipo za namna nyingi, ila mimi nitazishughulikia mbili tu. Ya kwanza ni jitu kuu jekundu, nyota iliyovimba kiasi kwamba ingewekwa mahali pa Jua ingezimeza sayari za karibu. Uso wake una joto la kama kelvini 3,500 tu, na mvutano wake kule nje ni dhaifu. Gesi inachoropoka polepole, kwa kilomita 10 hadi 30 kwa sekunde, na ikifika mbali kiasi inapoa. Joto likishuka chini ya kelvini 1,500 hivi, chembe ngumu zinaanza kushikamana: oksidi ya alumini na silikati, jamaa za mchanga na mawe. Hilo ndilo vumbi letu. Linaizunguka nyota kama ganda, linanyonya mwanga wake na kuutoa tena kwa umbo la joto, yaani infraredi.

Ya pili ni nyota ya Wolf-Rayet, na hii ni kioja. Imekwisha kuvuliwa haidrojeni yake ya nje, uso wake una makumi ya maelfu ya kelvini, na upepo wake unakwenda kwa kasi ya kilomita elfu moja, hata elfu mbili na zaidi, kwa sekunde. Ukimwambia mwanakemia kwamba mahali kama hapo panazaliwa vumbi, atakucheka. Na bado linazaliwa, vumbi la kaboni, kwa wingi. Tutarudi kwa huyu.

Kwa nini tujisumbue na vumbi? Kwa sababu linaweka kumbukumbu. Nyota nzito ikikaribia kulipuka, jambo tunalotaka kulijua ni hili: ilipoteza kiasi gani cha maada, na lini? Mwezi Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani aligundua supanova SN 2023ixf katika galaksi ya M101. Watu walipofungua picha za zamani za darubini za angani, walikuta kwamba mahali pale palikuwa na jitu kuu jekundu lililofunikwa na vumbi, na mwanga wa siku za kwanza za mlipuko ulionyesha maada nzito iliyolundikana karibu kabisa na nyota. Kwa hiyo ile nyota ilikuwa imemwaga vitu vyake muda si mrefu kabla ya kufa. Ni muda gani hasa? Hilo halijibiwi kwa kutazama ganda lote kwa jumla. Linajibiwa kwa kujua vumbi linaanzia wapi, mahali ulipo ukingo wake wa ndani, na ukingo huo ndio shabaha yetu.

Tatizo ni kwamba ukingo wa ndani ni mdogo mno. Nyota hizi ziko mbali, miaka ya nuru maelfu. Ganda la ndani linaweza kuwa na upana wa sehemu ya kumi ya sekunde ya tao, au pungufu. Hewa ya Dunia peke yake inaivuruga taswira ya nyota hadi ifike karibu sekunde nzima. Ni taa iliyofungiwa ndani ya moshi, nawe unaitazama kupitia maji yanayochemka.

Hapo ndipo Mwezi unapoingia. Mwezi unasafiri miongoni mwa nyota kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu nusu sekunde ya tao kwa kila sekunde ya saa. Hauna angahewa, kwa hiyo ukingo wake hauna ukungu wala mwanga wa kufifia kidogo kidogo. Ukiifikia nyota, unaifunika. Kwa jicho la kawaida nyota ilikuwepo, na sasa haipo. Lakini weka kipokezi chenye kasi, kinachosoma mwanga kila baada ya milisekunde moja au mbili, halafu nyosha kile kitendo cha kufumba na kufumbua uone kilichomo ndani.

Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo penye utamu.

Mwanga ni wimbi, na wimbi likipita kando ya ukingo linapinda. Kwa hiyo kivuli cha Mwezi kinachotupwa na nyota hakiishii kwa mstari mkali. Kinaishia kwa mistari ya mwanga na giza inayopishana, iliyotandazwa juu ya ardhi. Kutoka umbali wa Mwezi, kilomita 384,000 hivi, na kwa mwanga wa mikromita 2.2, mistari hiyo ina upana wa makumi ya mita. Inapita juu ya darubini yako kwa mamia ya mita kwa sekunde, ikitegemea Mwezi unavyokwenda na Dunia inavyozunguka. Kwa hiyo ule mstari wa kwanza na ulio mkali kuliko yote unakupita kwa kama sehemu ya thelathini ya sekunde.

Ikiwa nyota ni nukta tupu, fizikia inatuambia mapema grafu itakavyokuwa. Mwanga unaanza kutetemeka, mitetemo inakua, unapanda hadi asilimia 37 juu ya kiwango chake cha kawaida, kisha unaporomoka. Ile nyota inapokuwa sawasawa na ukingo wa Mwezi, umebaki na robo tu ya mwanga wake. Baada ya hapo ni kuteremka kulaini hadi giza. Hivyo ndivyo ilivyo kwa nukta. Nyota yenye upana halisi ni nukta nyingi zilizopangwa kando kwa kando, na kila moja ina mistari yake iliyosogea kidogo kutoka kwa ile ya jirani. Zikijumlishwa, mistari inafifia. Kadiri nyota inavyokuwa pana, ndivyo mitetemo inavyolainika, na kutokana na kiasi cha kulainika unapata upana wa nyota. Angalieni kwamba ukubwa wa kioo haujatajwa popote. Kioo kikubwa kinaleta mwanga zaidi, basi. Usahihi unatokana na umbali wa Mwezi.

Sasa zungusheni ganda la vumbi kwenye nyota hiyo. Nyota yenyewe ina upana wa, tuseme, sehemu mbili za elfu za sekunde ya tao. Ukingo wa Mwezi unaivuka kwa milisekunde chache. Ganda lina upana wa sehemu ya kumi ya sekunde ya tao, na ukingo unalivuka kwa karibu robo ya sekunde. Kwenye grafu unaona mteremko wa polepole unaoanza kabla ya kila kitu: hilo ni vumbi la upande mmoja likifunikwa. Katikati ya mteremko kunatokea mporomoko wa ghafla wenye mitetemo yake: hiyo ni nyota. Kisha mteremko unaendelea upande wa pili hadi sifuri. Urefu wa mporomoko unakueleza sehemu ya mwanga inayotoka kwa nyota yenyewe, na mteremko unakueleza vumbi limetandazwa vipi. Mara nyingine ule mporomoko haupo kabisa, kuna mteremko mtupu, na hapo unajua kwamba vumbi limeizima nyota na karibu mwanga wote unaopokea ni wa ganda.

Haya yote yanaisha kabla hujamaliza kusema "bismillahi". Hakuna kurudia. Wingu likipita sekunde ile, umekosa. Kipokezi kikikwama, umekosa. Wanaofanya kazi hii wana subira ya wavuvi, na nawaheshimu kwa hilo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1909 mwanahisabati MacMahon alipendekeza kupima upana wa nyota kwa njia hii, na mwaka huo huo mwanaastronomia Eddington akamjibu kwamba kupinda kwa mwanga kungeharibu kipimo. Ilibidi miaka thelathini ipite. Mwaka 1939 Whitford, akiwa kwenye kituo cha darubini cha Mount Wilson, Marekani, alirekodi ile mistari kwa kipokezi cha umeme, na ikaonekana kwamba kitu kilichodhaniwa kuwa kizuizi ndicho chenye taarifa. Mbinu hii ikaja kuwa na siku zake za fahari nje ya nyota. Mwaka 1962 darubini ya redio ya Parkes, Australia, ilipata mahali hasa ilipo 3C 273 wakati Mwezi ukiifunika, na mwaka uliofuata Maarten Schmidt akatambua kwamba ni kwasa, kitu cha mbali mno kuliko nyota yoyote.

Kwa vumbi, mfano wa mapema ninaoupenda ni IRC+10216, katika kundinyota la Simba. Nakiri kwamba si nyota nzito, ni nyota ya kaboni ya uzito wa wastani, lakini ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 1972 Toombs na wenzake walichapisha vipimo vya Mwezi kuifunika na wakapata matabaka mawili: la ndani lenye upana wa sekunde ya tao 0.4 na joto la kelvini 600 hivi, na la nje lenye upana wa sekunde 2, lililopoa zaidi. Matabaka mawili, yote ndani ya kitu ambacho kwa darubini ya kawaida kilikuwa nukta moja.

Kabla ya kurudi kwa Wolf-Rayet, tufanye hesabu ya pili na ya mwisho. Chukua ganda lenye nusu-kipenyo cha sehemu ya kumi ya sekunde ya tao, likizunguka nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi. Hapo nusu-kipenyo halisi ni mara 200 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Kama nyota ni jitu kuu jekundu lenye upepo wa kilomita 20 kwa sekunde, vumbi lililoko pale liliondoka kwenye nyota miaka 47 iliyopita. Kama ni Wolf-Rayet yenye upepo wa kilomita 1,500 kwa sekunde, liliondoka miezi saba au minane iliyopita. Ganda ni lile lile, upana ni ule ule, na bado moja ni historia ya nusu karne na jingine ni habari za mwaka huu. Ndiyo maana namwambia kila anayenionyesha kipimo cha ganda bila kasi ya upepo: umenipa rula, nami nilikuomba saa.

Basi, WR 104 na WR 112. Zote ziko katika eneo la kundinyota la Mshale, zote zinatengeneza vumbi la kaboni, na zote ziko kwenye ukanda unaopitiwa na Mwezi. Mwaka 1999 Ragland na Richichi walichapisha kipimo cha ganda la WR 112 kilichopatikana Mwezi ulipoifunika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mondal na Chandrasekhar, wakitumia darubini ya mita 1.2 iliyoko Gurushikhar, Mlima Abu nchini India, walilipima vumbi la ndani la WR 104. Kioo cha mita 1.2, tafadhali.

Lakini mwaka ule ule wa 1999 Tuthill na wenzake, kwa darubini ya Keck ya mita 10 na mbinu nyingine kabisa, walikuwa wamepata taswira ya WR 104. Haikuwa ganda. Ilikuwa parafujo, mkia wa vumbi uliojiviringa na unaozunguka mara moja kwa kama siku 241. Na hapo kioja cha vumbi ndani ya joto kikapata maelezo. WR 104 ina mwenzake, nyota nyingine nzito na yenye moto. Pepo za nyota hizo mbili zinagongana, gesi inabanwa hadi kuwa nzito, inapoa haraka, na vumbi linazaliwa kwenye mkia wa mgongano. Kadiri nyota zinavyozungukana, mkia unapeperuka na kuchora parafujo. WR 112 nayo ilikuja kuonekana ina mzunguko wa namna hiyo, wa takriban miaka 20.

Je, Mwezi ulitudanganya? Hapana, na ningependa hili lieleweke vizuri. Ukingo wa Mwezi ni mstari. Unafagia anga kwa mwelekeo mmoja na kukupa jumla ya mwanga kwa kila ukanda mwembamba. Hauna namna ya kujua kama mwanga wa ukanda huo umetoka juu, chini au katikati. Ukichukua grafu yako ukailinganisha na ganda la duara, utapata upana wa ganda la duara, kwa sababu ndilo ulilouliza. Kipimo ni sahihi. Umbo ulilolidhania ndilo lenye shaka. Ndiyo sababu watu makini hawaishii kulinganisha na umbo lililochaguliwa mapema. Wanaanza na dhana nyepesi na kuiacha grafu yenyewe iirekebishe hatua kwa hatua, mpaka utandao wa mwanga ujitokeze wenyewe. Ukiona pande mbili za mteremko hazifanani, umepata dokezo kwamba ganda si duara. Na ukiwa na darubini mbili zilizo mbali, kila moja itaona ukingo ukija kwa pembe yake, na kwa pembe mbili umeanza kuwa na picha.

Wapo wenzangu wanaosema mbinu hii imepitwa na wakati. Intaferomita ya VLT, darubini kubwa za Ulaya kule Chile, huunganisha darubini zilizotengana kwa zaidi ya mita 100, na mwaka 2024 ilitangazwa taswira iliyopatikana nayo ya WOH G64, jitu kuu jekundu lililo nje kabisa ya galaksi yetu, likiwa ndani ya vumbi lenye umbo la yai. Darubini ya angani ya James Webb nayo ilionyesha mwaka 2022 maganda zaidi ya 15 yaliyopangana kuzunguka WR 140, moja kwa kila miaka minane hivi, nyota zake mbili zinapokaribiana. Ukishaona taswira hizo, grafu ya robo sekunde inaonekana duni. Nakubaliana nao nusu. Kwa umbo, Mwezi hauwezi kushindana. Ila saa za darubini kubwa zinagombewa, na Webb inatazama vizuri zaidi vumbi la mbali kuliko lile lililozaliwa juzi. Kwa swali la ukingo wa ndani uko wapi, kwa nyota iliyofifia kiasi, grafu moja safi inatosha. Hata VLT yenyewe ilitumiwa kwa kazi hii: kipokezi chake cha ISAAC kilisomwa kwa kasi ya milisekunde chache, Mwezi ukipita mbele ya maeneo yaliyojaa nyota karibu na kitovu cha galaksi.

Kikwazo halisi, kwa maoni yangu, ni ratiba. Njia ya Mwezi imeinama digrii 5 tu kutoka njia ya Jua, kwa hiyo unafika sehemu kama ya kumi ya anga, na ukanda wake unayumba kwa mzunguko wa miaka 18.6. Betelgeuse, jitu kuu jekundu lingine, iliyofifia kati ya 2019 na 2020 na vumbi likatajwa kuwa sehemu ya sababu, iko digrii 16 nje ya njia ya Jua. Mwezi hauifiki kamwe. Eta Carinae, nyota nzito nyingine yenye vumbi, ndiyo hivyo hivyo.

Antares inafikiwa. Ni jitu kuu jekundu, upana wake ni kama sehemu 40 za elfu za sekunde ya tao, na lina vumbi jembamba lenye mabonge. Tarehe 13 Aprili 1819, Johann Tobias Bürg aliona huko Vienna kwamba Antares ilipochomoza nyuma ya Mwezi ilitanguliwa na kanukta kadogo, na sekunde kadhaa baadaye ndipo nyota kubwa ikawaka. Alikuwa amegundua nyota ya pili ya mfumo ule. Mfululizo wa sasa wa Mwezi kuifunika Antares ulianza 2023 na utaisha 2028, kisha hautarudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 2040. Kila tukio linapita juu ya ukanda wake wa Dunia, kila darubini inakata kwa pembe yake, na mabonge ya vumbi yanasogea kati ya tukio na tukio. Kipokezi chenye kasi sasa kinapatikana kwa bei ya kamera. Wenye darubini ya nusu mita na saa ya GPS, njooni tuzungumze tukimaliza hapa, kwa sababu kuanzia sasa hadi 2028 nahitaji grafu nyingi kadiri zinavyoweza kupatikana.

Ahsanteni. Maswali, karibuni.